Aliyeagwa Kabla ya Mtihani

Walimuaga mapema mno, na aliyeanzisha alikuwa shangazi yake.

Shangazi huyo hakuumbiwa kungoja. Aliposikia kwamba hospitali moja ya ng'ambo inatafuta wakunga, kwamba vyeti vya binti wa kaka yake vimekubaliwa, na kwamba kilichobaki ni mtihani wa Kiingereza tu, alikodi viti na turubai Jumamosi iliyofuata. Keki alioka mwenyewe, akachora juu yake ndege ya sukari ya buluu ambayo bawa moja lilikuwa nene kuliko jingine. Wauguzi wa wodi ya wazazi walileta sanduku la magurudumu lililofungwa utepe. Kaka mkubwa wa huyo binti alisimama, akakohoa, akasema kwamba baba yao angekuwa hai leo angelala usingizi mzuri. Watu wakalia, watu wakala, watu wakapiga picha. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Mama Ndege.

Kisha Mama Ndege akaenda kufanya mtihani, akaanguka.

Hakuanguka kote. Kusikiliza alipita, kusoma alipita, na kuzungumza alipita vizuri sana, kwa sababu mtahini alimuuliza habari za kazi yake naye akaeleza namna ya kumzalisha mtoto aliyetanguliza matako, mpaka yule mtahini akasahau kutazama saa. Kilichomwangusha ni kuandika, na katika kuandika ni insha moja tu, ile ya maoni. Unapewa suala, unaulizwa unakubali au hukubali, nawe unatoa msimamo wako na kuutetea. Alirudia mtihani. Akaanguka palepale.

Basi akawa mtu aliyeondoka ambaye bado yupo.

Kazini, nafasi ya kusimamia leba, aliyoingojea tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, ilikuwa imeshapewa msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mkasi wa kitovu. Kabati lake lilikuwa na kufuli la mtu mwingine. Viatu vya wodini akawa anavibeba kwenye mfuko wa plastiki, kwenda na kurudi, kama mtu aliyekuja kusaidia kwa siku moja. Nyumbani, binti yake mkubwa alikuwa amezoeshwa kushika jiko ili mama atakapoondoka pengo lisionekane, naye akalishika kwelikweli. Mama akiingia jikoni anaambiwa, "Pumzika, Mama, wewe ni wa safari," anapewa kikombe kile cha wageni chenye ua, anarudishwa sebuleni. Nguo zake nzuri zilikuwa sandukuni. Akitaka kuvaa gauni analitoa, analipiga pasi, analivaa, analifua, kisha analikunja na kulirudisha, maana Shangazi alisema habari inaweza kuja wakati wowote.

Na barabarani, kila alipopita, lilikuwa swali lilelile. Fundi viatu aliuliza, mwenye duka aliuliza, hata watu asiowajua vizuri waliuliza, wakiwa wamechangamka kabisa, bila nia mbaya:

"Heee, Mama Ndege! Bado upo?"

"Nipo," alijibu. "Bado kidogo."

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua, na yeye hakuwa na mazoea ya kulisema. Hakutaka kwenda. Wenzake waliotangulia walimwambia kwamba kule, miaka ya mwanzo, usingeshika mtoto hata mmoja. Ungepelekwa kwenye wodi za wazee, kugeuza watu vitandani. Yeye alipenda leba. Alipenda ile dakika ambayo mama anasema siwezi tena, na wewe unajua kwamba akisema hivyo mtoto yuko mlangoni. Lakini hata bila hayo yote hakutaka, kama mtu asivyotaka kuvaa kiatu kinachobana, na mtu wa namna hiyo haombwi maelezo marefu.

Ila kwao hapakuwa na desturi ya kumuuliza. Alikuwa kitinda mimba. Baba alipofariki, Kaka Mkubwa ndiye aliyeacha masomo, akaenda kazini, akawalea wote, na kwa hiyo Kaka Mkubwa ndiye aliyeamua. Alisema uuguzi, dada yake akaenda uuguzi, na kwa bahati akaupenda; ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba hakuulizwa. Kaka mwenyewe hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alifanya kazi katika ofisi ya tiketi za ndege, nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kuzungumzia, akiwakatia watu tiketi mchana kutwa. "Nawapakia watoto wa wenzangu," alipenda kusema, "wangu hata mmoja." Akisema hivyo anacheka, lakini macho yake hayacheki.

Baada ya kuanguka mara ya pili, Kaka alimtafutia mwalimu.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ili kufika unapita katikati ya magodoro yaliyosimamishwa yakiwa kwenye nailoni, unapanda ngazi nyembamba, unaingia chumba chenye feni ya dari iliyopungukiwa panga moja, hivyo ikizunguka inayumba na kila mwanafunzi anakwepa kukaa chini yake. Ubao ulikuwa mweupe zamani. Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na wanafunzi walimwita Mwalimu Hoja kwa sababu hata ukimwamkia anaweza kukuuliza hoja yako iko wapi. Wengi darasani walikuwa vijana. Aliyelingana na Mama Ndege kwa umri alikuwa mfamasia mmoja mwenye kitambi, mcheshi, ambaye naye alikuwa anarudia.

Mwalimu Hoja alisoma insha ya kwanza ya Mama Ndege amesimama. Suala lilikuwa kama watoto wa shule wavae sare au wasivae.

"Mtahini amekuuliza unakubali au hukubali," alisema. "Umemjibu nini?"

"Nimesema pande zote mbili zina ukweli, Mwalimu."

"Hilo ni jibu la mtu anayeamulia ugomvi wa majirani, akitaka wote waendelee kumwazima sufuria. Mimi nakuuliza wewe. Wavae au wasivae?"

"Ah, Mwalimu, mimi sina neno."

"Sina neno!" Mwalimu aliwageukia wengine. "Mtu mzima, mama wa watoto, anatoa watu tumboni mwa watu, hana neno kuhusu kaptula za shule."

Darasa likacheka. Mama Ndege naye akacheka, akaona aibu, akaandika upya. Safari hii alisema wavae. Mwalimu akauliza sababu, akasema ni vizuri. Vizuri kwa nani? Kwa wote. Mwalimu alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani.

"Sikiliza, mwanangu. Mtahini hajali unasema nini. Ukimwambia watoto waende shule wamevaa magunia, sawa kwake. Anachotaka ni kuona mtu ndani ya karatasi. Kuna mtu, ana msimamo, msimamo una sababu, sababu ina mfano wa kitu kilichotokea kweli. Kisha unamsikiliza mpinzani wako kwa heshima, unamwonyesha alipokosea, unafunga. Basi. Wewe Kiingereza unacho. Mtu ndiye hayupo."

Aliyaandika yote hayo, akayasoma wakati wa mapumziko ya chai katika chumba cha mashuka cha wodi, amekaa juu ya bunda la mablanketi kwa sababu kiti chake kilikuwa kimehamia kwa msichana wa mkasi. Aliyajua kwa moyo. Lakini kila alipoifikia ile sentensi ya kwanza, ile inayoanza kwa kusema mimi naona, mkono ulikuwa unamganda kama amefika ukingoni mwa paa.

Juma moja suala likaja lenyewe: je, ni bora wataalamu wakafanye kazi nchi za nje, au wabaki kwao? Aliandika bila kusita hata kidogo, akajaza karatasi mbili. Mwalimu Hoja alisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole.

"Kiingereza safi kabisa. Lakini huyu mwanamume ni nani?"

"Mwanamume yupi, Mwalimu?"

"Huyu aliyeandika. 'Anayebaki nyumbani anawanyima ndugu zake mlango.' 'Wajibu wetu ni kufika pale ambapo wazazi wetu hawakufika.' Hii sauti imekaa kwenye kiti chenye mikono, imekunja nne. Si wewe."

Mama Ndege aliinamisha macho. "Ni kaka yangu. Ndivyo anavyosema."

"Basi kaka yako ajiandikishe aje afanye mtihani," alisema Mwalimu, na mfamasia akaangua kicheko hadi kiti kikalia. Lakini Mwalimu mwenyewe hakucheka. Wenzake walipoteremka, alimzuia mlangoni. "Nakupa kazi. Kila siku, kabla jua halijazama, useme jambo moja unaloliona wewe, pamoja na sababu yake. Dogo tu. Sema kwa Kiswahili, usijitese. Mdomo ukizoea, mkono utafuata."

Alianza na mapazia.

Mumewe alikuwa fundi rangi wa magari, mtu mpole, anayerudi nyumbani na vumbi la rangi kwenye nyusi, leo nyekundu, kesho ya fedha. Walikuwa mezani, jioni, na binti zao wawili.

"Mapazia haya ni mabaya," alisema Mama Ndege.

Mumewe aliacha kutafuna. "Mapazia?"

"Yana rangi ya dawa ya kikohozi. Nikikaa hapa najiona kama nangoja kuitwa na daktari."

"Si uliyachagua mwenyewe?"

"Aliyachagua Shangazi."

Kesho yake alisema chai ina sukari nyingi mno. Binti mkubwa, mwenye jiko lake, akashtuka. "Lakini, Mama, ndivyo unavyokunywa siku zote."

"Ndivyo ninavyopewa siku zote."

Siku iliyofuata alisema yule mhubiri wa redioni anafoka bure, maana asiyeelewa kwa sauti ya kawaida haelewi kwa makelele. Siku nyingine alisema kiatu cha mumewe cha kutokea kinamfanya aonekane kama amekiazima. Watoto wakaanza kutazamana. Mume akaenda kumwona Kaka Mkubwa pale ofisini, akainama kwenye lile tundu la kioo, akasema, "Shemeji, mwenzangu siku hizi anasemasema. Sijui ni uchovu?"

Kaka akacheka kwa furaha mpaka wateja wakageuka. "Mwache! Ni mazoezi ya mtihani. Mwalimu kaniambia. Msaidieni. Akisema jambo, mwulizeni sababu."

Basi nyumba nzima ikamsaidia. Akitoa kauli, mume anauliza, "Sababu?" Akitoa sababu, binti mdogo anadakia, "Mfano!" Ukawa mchezo wa mezani, na lazima niseme kweli, kwa siku chache aliufurahia. Alianza kujisikia anakaa vizuri zaidi kwenye kiti chake. Insha zake zikabadilika. Mwalimu Hoja akawa anasoma na kunung'unika kwa kuridhika, kama mtu anayekula kitu kitamu peke yake.

Ndipo akaona sasa anaweza. Alichagua siku ya mapumziko, adhuhuri, wote wapo, hata Shangazi alikuwa amepita kuja kuangalia kama sanduku halijaingia mende. Aliweka kijiko chini.

"Mimi sitaki kwenda ng'ambo," alisema.

Mumewe akaegemea kiti, akajifuta mdomo, uso umekunjuka kabisa. "Vizuri! Hilo ni kubwa. Sababu ya kwanza?"

Akamtazama. "Sababu ya kwanza, kazi ninayoipenda iko hapa. Kule sitazalisha."

"Mfano!" akasema binti mdogo.

"Yule mwenzangu aliyetangulia. Ameshika wazee tangu alipofika. Ananipigia simu analia."

"Sababu ya pili?"

"Sababu ya pili..." Alisogeza sahani kando. "Sababu ya pili, sikuulizwa."

"Ah, hiyo nzuri," alisema mume, akimgeukia Shangazi. "Umeisikia hiyo? Sikuulizwa! Hapo mtahini lazima anyooshe mikono."

Shangazi akapiga makofi. "Mpinzani wako je? Mjibu mpinzani!"

Walikuwa wanamtazama kwa upendo, wote wanne, wanangoja. Hapakuwa na hata mmoja wa kumgombeza, hata mmoja wa kukasirika ili naye apate pa kushika. Mama Ndege akachukua kijiko chake akaendelea kula. Binti mdogo akamhurumia, akasema, "Usijali, Mama, hitimisho utalifanya kesho."

Baada ya hapo hakusema tena lolote mezani. Walidhani mazoezi yametosha.

Siku ya mtihani alikaa katika ukumbi mkubwa wenye viti vya kukunja, penseli mbili mbele yake, na suala lilikuwa la kawaida kabisa: je, magari yapigwe marufuku kuingia katikati ya mji? Alilisoma mara moja. Akaandika kwamba yapigwe marufuku, tena leo kabla ya kesho. Akaeleza habari ya mama mmoja aliyejifungulia ndani ya gari la wagonjwa lililokwama kwenye foleni, yeye akiwa amepiga magoti kati ya machela na mlango, na madereva wa pembeni wakipiga honi kana kwamba honi inafungua njia. Alimpa mpinzani nafasi yake: ndiyo, wenye maduka watalalamika. Akamjibu kwamba mtu hanunui kitu akiwa kaburini. Alipoweka nukta ya mwisho mkono ulikuwa unamuuma na mwili wote una joto. Alitazama kulia na kushoto. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemuuliza, naye amejibu, na jibu lake lilikuwa linakusanywa na msimamizi kama jibu.

Alifaulu, na vizuri.

Matokeo yalifika kwenye kompyuta ya Kaka kabla ya kumfikia mwenyewe. Kaka alitoka nyuma ya kioo chake, jambo ambalo halikuwahi kuonekana saa za kazi, akakumbatia mteja. Jioni hiyo mtaa mzima ulishajua. Fundi viatu alisimama kabisa kumpongeza. Mama Ndege alisema asante, asante, akaingia chumbani, akakaa kitandani na viatu vyake. Ule ushindi ulikuwa wake, tena wa haki, na ndio uliokuwa umefunga kufuli. Angeanguka mara ya tatu labda wangechoka. Sasa kwa mkono wake mwenyewe, kwa insha yake nzuri kuliko zote, amejikatia tiketi.

Kilichobaki ni usaili wa kuonana na wale wa hospitali kwa njia ya kompyuta. Kaka alileta laptopu ya ofisini, akaiweka juu ya meza ya sebule, akaipandisha kwa vitabu viwili ili kamera isimwonyeshe kidevu tu. Akamkalisha mbele yake. Upande wa pili, ambako kamera haioni, walikaa wote kwa safu: mume amevaa shati la kutokea, binti wawili wamesuka, Shangazi na kitambaa chake cha kufutia machozi. Kaka alikaa pembeni kabisa, karibu, ili asikie. Kati yao wote ni yeye tu aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha. Wengine walikuwa na cha kuombea maji. Jibu la kila swali walikuwa wamelipanga.

Kwenye kioo walitokea watu wawili, mama wa makamo mwenye miwani na bwana mmoja anayekunywa kitu kwenye kikombe kikubwa. Walimsalimu kwa upole. Walimuuliza uzoefu wake, akajibu. Walimuuliza afanye nini mgonjwa akidondoka, akajibu. Mama wa miwani akaegemea mbele.

"Sasa tuambie wewe mwenyewe. Unaonaje, kwa nini unataka kuja kufanya kazi kwetu?"

Jibu lilikuwepo, tayari, la Kaka, zuri. Mama Ndege alivuta pumzi alianze. Lakini lilianza jingine. Kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kupandisha sauti, alisema kwamba kwa maoni yake hapaswi kuja. Sababu ya kwanza, yeye ni mkunga, na kazi anayopewa si ya ukunga. Sababu ya pili, uamuzi huu ulifanywa na watu wanaompenda, naye akaufuata kwa sababu hakujua kuwaambia hapana. Alisema anaelewa kwamba wengi wangeitamani nafasi hii, na wana haki. Ndiyo maana apewe mmoja wao. Kwa kumalizia, anawashukuru.

Bwana wa kikombe akaweka kikombe chini. Mama wa miwani akauliza taratibu kama hapo alipo kuna watu wengine.

"Ndiyo," alisema Mama Ndege. "Familia yangu."

"Una hakika na ulichosema?"

"Nina hakika."

Yule mama akatabasamu, tabasamu la huzuni kidogo, akamwambia hajasikia mtu akijieleza vizuri hivi kwa muda mrefu, akamtakia heri. Shangazi, ambaye alikuwa anafuatilia nyuso, alipoona yule mama ametabasamu hakuweza kujizuia. Akapiga kigelegele hadi picha ikatetemeka.

Kaka aliifunga laptopu polepole, kwa mikono miwili.

"Haya, wamesema aondoke lini?" Shangazi aliuliza.

"Mwulizeni mwenyewe," alisema Kaka.

Ikabidi aseme tena, sasa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ilikuwa vigumu zaidi. Zile aya zote zilimkimbia. "Nimewaambia siendi," alisema.

Mumewe akaanza kucheka kwa mazoea. "Mke wangu, mazoezi yameisha. Mtihani si umeshapita?"

"Ndiyo," alisema. "Umeshapita."

Mume akamwangalia yeye, akamwangalia Kaka, na kicheko kikabaki usoni hakijui pa kwenda. Shangazi alishika kitambaa mdomoni. Kaka hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikusanya waya, akauzungusha mkononi kwa uangalifu kama anavyofanya mtu na kitu cha ofisi, akavirudisha vile vitabu viwili kwenye rafu. Mlangoni alisema, bila kugeuka, "Ungeniambia."

"Nilisema, Kaka. Mezani. Walipiga makofi."

Kaka akavaa viatu vyake, akaenda zake. Hakuja nyumbani kwa muda mrefu. Wakikutana alimwitikia salamu kwa heshima, kama anavyomwitikia mteja, na kwa Mama Ndege hilo lilikuwa zito kuliko kununiwa. Shangazi alitangaza mtaani kwamba wale watu wa hospitali walikuwa matapeli, na kwamba ni Mungu tu aliyewaepusha.

Metroni, mkuu wa wauguzi, hakuweza kumrudishia leba. Nafasi ina mwenyewe, alisema, na mwenyewe hajafanya kosa. Alichokuwa nacho ni kliniki ya watoto wachanga, chumba kimoja nyuma ya jengo, chenye mizani, meza, na dirisha linalotazamana na ukuta ambao ukinyoosha mkono unaugusa. Watoto wanaingia, wanalia, wanapimwa, wanatoka. Alikikubali. Wengine walikuwa watoto aliowapokea mwenyewe, lakini mama zao hawakumkumbuka. Uchungu humfanya mtu akumbuke dari tu.

Mumewe hakumlaumu kwa neno. Alikuwa anarudi, anakula, anashukuru, anazima taa. Ukimya huo ulijaa nyumba kama mvuke wa nguo mbichi, na Mama Ndege alianza kufikiri labda ametoka chumba kimoja kuingia kingine.

Siku moja adhuhuri, kliniki ikiwa imepungua watu, alimpelekea chakula gereji. Alimkuta amechuchumaa mbele ya mlango wa gari uliong'olewa, anaupiga msasa, vumbi jeupe limemfunika mpaka kope.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema mumewe, msasa unaendelea. "Tukiwa wawili tu. Si pale mezani."

"Ningekuambia, ungemwita Kaka."

Msasa ulisimama. Alifikiri kweli, kama mtu anayepima rangi. "Ningemwita," alikiri. "Ndiyo. Ningemwita."

Akakaa chini, akafungua bakuli, akala matonge mawili matatu. Kisha akasema, akiangalia ule mlango, "Mimi mjomba ndiye aliyenileta hapa gereji. Aliniacha getini na fundi wake, akaondoka."

"Wewe ulitaka nini?"

Mume alitafuna taratibu. Akatafuna tena. Alionekana kutafuta mbali sana, nyuma ya miaka yote ile ya rangi, na mkewe akangoja, kwa sababu alijua swali hilo halijibiwi haraka.

"Unajua," alisema mwishowe, "sijui."

Mama Ndege alimpokea bakuli, akamfuta vumbi kwenye nyusi kwa kidole gumba, akarudi kazini. Kina mama wa mchana walikuwa wameshaanza kupanga foleni.